Mgongo wa Kapteni

Kiboko alitoka ziwani taratibu, kama mwenye shamba anayekuja kuona ni nani kalala kwenye matete yake.

Waliolala humo walikuwa makuruta, hapo Kajaga, mazoezini. Mmoja wao, Moïse, kijana wa mtaa wa Ngagara, alikuwa akitafuta njia kwa macho.

"Mi nakimbia," alinong'ona.

"Kimbia, ulale kwa mama yako leo leo," Benite, kuruta aliyelala kando yake, alimjibu, kidevu topeni. "Afande alisema nini?"

Tangu siku ya kwanza Kapteni Xavier alisema jambo moja: macho kwenye mgongo wangu. Nikisimama, hakuna anayetingishika. Anayetingishika anavua gwanda, anarudi kwao.

Na huko kwao Moïse, picha yake akiwa na gwanda ilishatundikwa sebuleni. Majirani walikuja kuitazama.

Basi akautazama mgongo. Asubuhi hiyo Kapteni aliteleza akatumbukia kwenye tope, akawaamuru walaze nyuso chini, akaondoka akitukana. Walipoinua macho kwa mkoromo wa kiboko, Kapteni alikuwa amesharudi. Huyo pale mbele, katikati ya matete, kofia imekaa sawasawa, maji yakimchuruzika mabegani.

Kiboko alimwendea. Akapanua kinywa chote, meno nje. Upepo ukatikisa mikono ya gwanda. Kapteni hakurudi nyuma hata unyayo.

"Afande!" Benite aliita. "Afande, tufanye nini?"

Mgongo tu, umenyooka.

"Unaona mutu huyu?" Benite alinong'ona. "Huyu hana moyo wa nyama."

Moïse akang'ata tete. Jicho moja akalifumba, la pili akaliacha pale pale kwenye mgongo. Mkojo ukamtoka bila amri ya mkubwa yeyote. Lakini hakutingishika. Hakuna aliyetingishika.

Kiboko alimnusa Kapteni bega la kulia, akamnusa la kushoto. Akapiga chafya. Kisha akageuza lile tako lake kubwa, akarudi majini.

Moïse alilia, na hakuona haya. Nyuma ya kiongozi kama huyu, aliwaza, angeingia vita yoyote duniani.

Ndipo mlango wa lori lililowaleta ukafunguka nyuma yao. Akateremka mtu mwenye chupi na buti tu, tope limemkaukia masikioni, anapiga miayo.

"We Moïse," Kapteni Xavier aliita, "niangalilie ile gwanda yangu nilitundika pale matete, kwa muti. Imekauka?"