Kabla Ubao Haujafutwa

Nilda alitazama ubao, akalishika neno kichwani, akainamia daftari. Herufi zikawa zimeshavurugika. Akatazama tena. Wenzake darasani, pale katika mji wa milimani wa Potosí, walikuwa wamemaliza zamani.

"Nafuta," mwalimu akasema.

"Bado, mwalimu!"

"Kila siku bado! Akili yako iko wapi?"

"Iko mlimani inachunga lama!" mwanafunzi mmoja akadakia. Darasa likaangua kicheko.

Nilda akakurupuka kitini, akakimbilia mbele, akaubana ubao kwa mgongo, mikono ameitandaza. "Usifute!" alifoka huku akilia.

Mwalimu akashusha kifutio.

Nilda akageuka atafute alipoishia kunakili. Nusu ya maneno yalikuwa yamehamia mgongoni, kwenye sweta lake la buluu, yamebaki vumbi jeupe tu.

Mwalimu akachukua chaki. "Uliishia neno la ngapi, mwanangu?"

"La pili."