Hapo, Bibi!

"Fumba macho, usichungulie kama paka wa jirani," bibi alisema, akakitoa kijiko kwenye glasi ya barafu.

Mjukuu akacheka, akafumba. Mama yake, binti wa bibi, akaketi upande wa mchago kama kawaida yake, akamshika mwanawe mkono.

"Asije akaogopa," alisema.

Kijiko kikaanza unyayoni, kikapanda polepole. Kifundo. Muundi. Goti.

"Hapo, bibi!"

Bibi akashusha pumzi. Daktari ndiye aliyewafundisha: pale mtoto anapoanza kusikia baridi, ndipo uti wa mgongo unapofikisha habari. Walipotoka hospitali ilikuwa kitovuni. Ikashuka kiunoni, ikashuka pajani, na leo gotini.

"Umeona, mama? Inashuka. Haya, sasa kula," binti akasema. Sahani ilikuwa tayari.

Bibi akala.

Maana zilipita siku alikuwa hali kabisa. Mtoto aliyekuwa akiruka kamba mpaka majirani wanalalamikia vumbi, asubuhi moja aliamka yeye, miguu haikuamka. Bibi akaitafuta sababu nyumba nzima. Akapekua godoro, akanusa pipa la maji, akamwaga dawa ya mbu, hata yule paka alikaripiwa. Hakuna kitu. Mpaka siku daktari aliposema pengine yalikuwa mafua tu: kinga ya mwili ilitoka kupigana na mafua, ikapotea njia, ikaushambulia uti wa mgongo ukavimba.

"Yaani mlinzi kampiga mwenye nyumba?"

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Mafua nilikuwa nayo mimi, daktari. Na tunalala kitanda kimoja."

"Usijibebeshe, bibi. Hatuna hakika. Wengi sababu yao haijulikani kamwe."

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile bibi akahamia kulala jikoni. Akitaka kukohoa anatoka nje. Chakula akawa anakitazama tu, mpaka nguo zikaanza kumvaa yeye. Kijiko ndicho kilichomrudisha mezani.

Asubuhi moja binti akaenda peke yake kusikiliza majibu ya mwisho, ya yale maji aliyotolewa mtoto mgongoni. Alimwachia mama yake chakula kimefunikwa. Bibi hakuweza kungoja. Akatia barafu kwenye glasi.

"Fumba macho, leo mama yako hayupo wa kukutetea."

Mtoto akacheka, akafumba.

Unyayo. Kifundo. Goti. Bibi akakichovya tena kijiko, labda baridi imekwisha. Goti. Paja. Mtoto kimya, uso umetulia kama anayesubiri kuitwa.

Kijiko kikasimama kiunoni.

"Bibi, mbona huanzi?"

"Nimeanza, mjukuu wangu."

"Aa, si tumngoje mama? Yeye ndiye hunibinya mkono, ndipo nasema 'hapo'."

Bibi akakaa na kijiko mkononi mpaka kikapata joto. Kisha akaikausha ile miguu kwa upindo wa nguo yake, taratibu, kidole kwa kidole.

Binti aliporudi, macho mekundu, alimkuta mama yake mezani, anatafuna.

"Umeshampima?" aliuliza mlangoni.

"Bila wewe?" bibi akasema, akajitilia kijiko kingine cha chakula. "Nilikuwa nakungoja umshike mkono."