Manjano ya Jaswanti

Kila bibi harusi wa Kihindi katika mji ule alipakwa manjano yaliyosagwa na Jaswanti. Yeye mwenyewe, kwa miaka ishirini, hakuwahi kujipaka. Ndivyo viungo vilivyotaka: anayeviuza asimpende mtu.

Asubuhi hiyo, dukani kwake, aliyachanganya manjano na maziwa, akajipaka shavuni.

Papo hapo mdalasini ukapoteza harufu. Shangazi yake, aliyekuwa akipepeta bizari, alinusa ungo akashtuka.

"Futa, Jaswanti! Vitakufa vyote!"

"Nimevitunza tangu nikiwa mtoto. Kama vinanipenda, vitavumilia."

Akajipaka shavu la pili. Karafuu zikawa kama vijiti vitupu. Akajipaka shingo, na pilipili zikapauka ndani ya chupa.

"Na huyo fundi saa ana nini cha kukupa?"

"Aliniuliza mimi napenda kula nini, Shangazi. Wengine wote huniuliza bei."

Fundi saa mwenyewe, Mzamilu, alikuwa amekwisha fika mlangoni. Jaswanti akamnyooshea mkono uliojaa manjano mbele ya wateja wote.

"Ukinishika, rangi hii haitoki."

"Kwani umeniona nimekuja na sabuni?"

Akaushika. Wakatoka pamoja kwenye jua, wala Jaswanti hakugeuka.

Shangazi alibaki ananusa chupa moja moja, na zote hazikuwa na harufu. Ndipo mkebe wa iliki uliposhuka wenyewe rafuni, ukampita miguuni, ukabingirika kuelekea mlango uliokuwa wazi.