Fahali wa Kijiji

Mkutano ulikuwa umeshaamua: Koleta ahame kijiji cha Lusu kabla ya jua kuzama, na ng'ombe wake mmoja aingizwe kwenye zizi la kijiji. Kosa lake? Ng'ombe huyo alikuwa amezaa.

Ng'ombe wa wenzake hawakuzaa. Walipandwa na fahali wa kijiji, wakakaa kidogo, wakataka dume tena. Maziwa yakaadimika, watoto wakala ugali kwa mlenda mpaka wakauchukia.

Na fahali mwenyewe si wa kubezwa! Ndugu Jilala alimtoa bure mwaka ule wa kuhamia kijijini, dume jeusi, nene, lenye nundu ya kupendeza, yeye akabaki na kadume kakondefu alikokanunua Igunga. Alipigiwa makofi hadi viganja vikauma. Ng'ombe wake walipozaa, watu walisema Mungu humlipa mtoaji. Wa Koleta alipozaa, walisema mchawi.

Koleta alikuwa mjane wa kaka yake Jilala. Alikataa katakata kumpeleka ng'ombe wake kwa fahali wa kijiji, akamswaga mwenyewe hadi kwa dume la mjomba wake, ng'ambo ya mto. Kila alipofungua kinywa kujieleza, alizomewa.

"Atoke!" Jilala alipaza sauti kuliko wote. "Anayekataa cha kijiji ana lake jambo!"

Hapo akafika bwana mifugo kutoka Tabora, na majibu ya vipimo alivyochukua zizini. Hakuna uchawi, alisema. Fahali ana vijidudu. Yeye havimuumizi, lakini humwambukiza kila jike anayempanda, na mimba hufa ingali changa, mwenye ng'ombe hata hajaijua.

Watu wakainamisha vichwa. Waliona aibu, na ilikuwa haki yao kuiona. Silasi, mwenyekiti wa kijiji, akamsogelea Koleta.

"Tusamehe, mama. Lakini wewe ulijuaje?"

"Kabla hatujahamia hapa, mimi ndiye niliyekuwa nikikamua ng'ombe wa shemeji," alisema Koleta. "Mwaka mzima nilishika kibuyu kitupu. Nikamlilia. Akaniambia, 'Vumilia, shemeji. Ujamaa unakuja, dume hili litapata pa kwenda.'"