Magunia Yaliyokosa Moto

Kila mwaka polisi wa mji ule walichoma bangi waliyokamata, na moshi wake uliwachekesha mbuzi mpaka Ijumaa. Mwaka ule sheria ikabadilika: mtu mzima ruksa kuvuta nyumbani kwake. Lakini mazoea yana tabu. Sajini Machumu akapanga magunia uwanjani, akatoa kiberiti.

Bi Mashavu akaja, akakalia gunia la juu kabisa.

“Mama, shuka, utaungua!”

“Washa tu. Mwanangu Sefu yumo gerezani kwa msokoto mmoja. Kama si kosa tena, anafungiwa nini?”

“Alivuta kabla ya sheria mpya, mama.”

“Basi mngemwambia angoje, avute baadaye!”

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamchokoza, “Kumbe bibi nawe unaipenda?”

“Naichukia! Akirudi nikamkuta nayo nitamchapa. Ila nataka nimchapie nyumbani.”

Sajini akarudisha kiberiti mfukoni.

“Mimi sina amri ya kumfungua,” alisema. “Twende kwa hakimu, nikuombee.”

Akamshika mkono, akamteremsha. Mji mzima ukawafuata. Walipokaribia mahakama, hakimu alikuwa amekwisha kusikia kelele na kutoka mlangoni, anafuta miwani yake kwa joho, tayari kumsikiliza mama.