Pua ya Mutalemwa

Miaka hiyo magonjwa mengi yalitibiwa kwa gundi: molekuli zilizobuniwa kunasa protini mbovu mwilini na kuishikilia isidhuru. Kokushubira alikuwa mbunifu wa gundi mjini Bukoba, na iliyomponya moyo mumewe, Mutalemwa, aliibuni yeye mwenyewe.

Mutalemwa alipona, ila pua yake ikabadilika. Akimkaribia mtu mwenye protini ileile iliyomlaza yeye, alisikia harufu ya ndimu.

"Kumbe gundi imenasa hadi puani!" Kokushubira alisema, macho yakimng'aa. Akamfunga mumewe kitambaa machoni, akamnusisha nguo za majirani mojamoja. Mutalemwa alikuwa akitikisa kichwa tu, mpaka alipofika kwenye sweta moja.

"Hii ni ndimu tupu, Mama Kemilembe. Ya nani?"

Ilikuwa ya Kemilembe, binti yao. Alikuwa ametoka shule ya bweni muda huohuo, akaitupa kitini na kupitiliza bafuni. Kokushubira alikuwa ameichanganya na nguo za majirani kwa kujaribu tu. Sasa walimsikia akiimba huku akijimwagia maji.

"Hebu nusa tena," Kokushubira alisema, na kwa mara ya kwanza alitamani gundi yake iwe imekosea.