Viatu vya Baba Wakesho

Jijini kwetu, asiyemaliza kilomita tano za msituni kila juma huhamishiwa Nyumba ya Wasiotembea, na viatu vya kila mtu ndivyo vinavyomhesabia. Mume wangu alikuwa kitandani tangu Jumatatu, goti limevimba kama papai, nami sikubanduka ubavuni pake. Jumapili alasiri, siku ya mwisho, nilivaa soksi tatu tatu, nikatia miguu kwenye viatu vyake, nikaondoka.

Niliviburura kwenye njia ya mianzi, nikavuka daraja la mbao, nikazunguka bwawa lote kwenye tope nikiwalaani waliotunga sheria hii. Nilitoka wa mwisho. Lango la msitu likawaka kijani.

"Hongera, Mzee Mwakio," likasema, kisha likajifunga mpaka kesho.

Nusura nilibusu.

Nyumbani nilimkuta ameketi, macho mlangoni.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, Baba Wakesho. Tena umepongezwa!"

Tulicheka mpaka akashika goti. Nikamimina chai, nikavua soksi moja moja, mwili mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Ndipo akatazama kando ya mlango. Viatu vyangu vilikuwa pale pale, vikavu, bila hata chembe ya tope.

"Mama Wakesho," akauliza polepole, "na wewe juma hili umetembea lini?"